Wake Wenza wa Karatasi

Kila asubuhi alikuja kazini na mwanamke mwingine.

Alikuwa fundi saa, kibanda chake kiko ubavuni mwa meza yangu ya mitumba katika soko la Mbinga, na wanawake wake walikuwa wa karatasi. Zilikuwa picha za zamani zilizopigwa studio huko Ulaya na Amerika, picha za wacheza sinema wa enzi zile ambazo sinema zilikuwa bado hazijapata sauti. Akifika, alifungua sanduku lake la bati, akachagua mmoja, akampangusa, akamsimamisha nyuma ya kioo cha kibanda katikati ya saa za watu. Ndipo akaketi. Mimi nikitandaza magauni nilitupa jicho kuona leo amekuja na nani. Akija na yule wa manyoya shingoni, siku yangu ilikuwa imeharibika kabla hata mteja wa kwanza hajafika.

Sokoni tulimwita Fundi, basi. Jina lake la ubatizo nalijua, ila hapa halina kazi.

Mimi nilikuwa mjane. Marehemu aliniachia nyumba ya matofali, mibuni kidogo kule Mapera, na kitanda kipana. Kwa hiyo nilipojikuta jirani na mwanamume asiye na mke, mwenye mikono safi na subira, sikuchelewa kujua ninachotaka. Nilitaka anioe. Sina haja ya kuzunguka, kila mtu pale sokoni alijua, kuanzia wauza dagaa hadi mashine ya kusaga. Kama yeye alijua, hakuonyesha.

Mikono yake ndiyo iliyonimaliza. Aliteremsha kile kioo chake kidogo cha jichoni, akainamia saa iliyofunguliwa tumbo, na kwa kibano akainua gurudumu ambalo mimi nisingeliona hata lingenikaa kwenye kope. Hakupumua. Nikawaza, mwanamume anayemshughulikia mdudu wa chuma hivi, mke atamshughulikiaje? Basi hicho hicho kibano ndicho alichowashikia wale wanawake. Hakuwagusa kwa vidole hata siku moja. Jasho la kidole linakula picha, alisema. Akishamweka mmoja mahali pake, alipokea kikombe changu cha chai kwa mikono miwili mitupu, nami nikabaki najiuliza kama hiyo ni heshima au dharau.

Majina yao hakuyajua. Baadhi walikuwa wametia saini pembeni, mwandiko wa kukimbia usiosomeka, naye hakuhangaika nao. Aliwapa majina yake: Bibi Manyoya, Mama Kidevu, Msubiri Treni, Mjane. Huyo Mjane alikuwa na shela jeusi na machozi mawili yaliyogoma kuanguka. Nilimwuliza siku moja kwa nini ahangaike na mjane wa mbali kote huko wakati wa karibu wapo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yule anajua kulia. Mimi nililia mwaka mzima, na wa kunipongeza sikumpata.

Ugonjwa huu alisema aliupata akiwa kijana, huko kwao mwambao wa ziwa. Gari la sinema lilikuwa likizunguka vijijini kuonyesha filamu za kilimo na kuchimba vyoo, na mwisho, kama pipi ya kumaliza dawa, filamu ya kuburudisha. Siku hiyo mashine ya sauti ikafa. Watu wakapiga miluzi, wakazomea, wakaenda zao. Yeye akabaki kwenye majani peke yake mpaka mwisho, na alipoinuka alikuwa ameelewa yote: nani anampenda nani, nani anadanganya, nani atakufa. Alisimulia habari hii kwa kila mteja aliyekuwa na muda na kwa wengi wasiokuwa nao. Tangu hapo, alisema, watu wakizungumza anaona kama wanamziba macho.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa akimalizia.

Nilimwambia mshindo ninaousikia mimi ni wa tumbo lake, aje ale. Akaja, akala, akashukuru, akarudi kwa Bibi Manyoya.

Mtu huyu alikuwa na vituko vingine. Alitengeneza saa za nusu ya wilaya, na yeye mwenyewe hakuvaa saa, tena kanisani kwao Waanglikana aliingia watu wakiwa wimbo wa tatu. Aliweza kumsimamisha mkulima wa buni saa nzima akimweleza jinsi mwanga ulivyotua kwenye shavu la Mama Kidevu, akionyesha kwa ncha ya bisibisi, mpaka mkulima akaondoka amesahau kuichukua saa yake. Lakini mpiga picha wa mtaani akipita, Fundi alijifunika uso kwa gazeti. Mpenda picha asiye na picha yake hata moja. Wateja aliwapigia soga mpaka wachoke, na mimi jirani yake wa kila siku nilipata "Habari, jirani" na "Mvua hiyo, jirani, funika nguo."

Jambo linaloniuma ni kwamba wake wenza wengi niliwaleta mimi. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mabelo ya mitumba yakaanza kufika hata kwetu milimani, na tukazivaa nguo za kafa Ulaya tukapendeza. Mimi nilichukua pia mabelo ya mikoba. Ukifungua mikoba ile ya vikongwe wa Kizungu unakuta mambo: vitana, tiketi, pini za nywele, na mara chache, ndani ya kitambaa cha bitana, picha ngumu ya mwanamke mwenye macho makubwa. Wa kwanza kumpata alikuwa Msubiri Treni. Nilimtazama nikajua thamani yake kwa jirani yangu. Ningeweza kumchana nikamtupa mtaroni, na nani angejua? Nilimpelekea kwa sababu nilijua atanitazama mimi niliyemleta. Akanitazama kweli, kwa muda wa chafya moja. Kisha akamtazama yeye hadi adhuhuri.

Tangu hapo nikawa nafungua kila mkoba kwa hofu ya kupata na hofu ya kukosa.

Njia za kujaribu nilizimaliza. Nilianza na salamu. Yeye alinizidi umri, hivyo miaka ya mwanzo nilimwamkia kama inavyopasa: "Shikamoo, Fundi." Halafu nikafikiri, mwanamke gani huolewa na mtu anayemwambia shikamoo? Siku moja nikafika nikasema tu, "Umeamkaje?" Akajibu, "Marahaba." Kesho yake hivyo hivyo. Nikabadilisha, nikasema, "Za tangu jana?" Akasema, "Marahaba, jirani." Muuza nyanya aliyekuwa mbele yetu alicheka hadi akakaa chini. Nikanuna siku kadhaa, na Fundi hakugundua kwamba nimenuna, jambo ambalo ni baya kuliko yote.

Nikajaribu njia ya wale wa karatasi. Nilichagua katika belo koti lenye manyoya shingoni, nikatafuta na kofia, nikaenda studio nikapigwa picha ya rangi nikiwa nimeangalia juu ya bega kama wafanyavyo wao. Nilipompa aliteremsha kioo chake cha jichoni, akanikagua kuanzia kofia hadi pindo. Akasema aliyepiga ameharakisha taa. Akairudisha ndani ya bahasha yake, akanipa, akaniambia nisiiache juani. Nililifumua koti lile nikalifanya mito.

Siku niliyomwelewa zaidi, na kumchukia zaidi, ilikuwa kule Mapera kwa shangazi yangu. Saa yake ya ukutani ilikuwa imekufa, nami nikaona hapo ndipo pa kumpitisha Fundi kwa ukoo bila kusema ninampitisha. Twende Jumapili, nikamwambia, shangazi atatupikia. Kuta za shangazi zilikuwa za nyumba yoyote ya Kikatoliki ya kwetu: Moyo Mtakatifu, Bikira Maria, kalenda ya parokia. Katikati yao, ndani ya fremu yenye maua ya plastiki, alikuwapo mtakatifu wetu wa tangu utoto, mwanamke wa shela jeupe aliyeinua macho juu na kukunja mikono kifuani. Jina lake hatukulijua. Bibi mzaa baba alimkuta ndani ya kitabu cha sala kilichoachwa na mtawa mmoja aliyerudi kwao. Tulimwita Mtakatifu wa Mvua ya Mawe, maana tangu atundikwe pale, mawe yalipiga mibuni ya majirani juu na chini ya kilima, yetu hayakuigusa. Maua ya buni yakifunguka, ukoo mzima tulipiga magoti mbele yake.

Fundi alipanda kigoda aifikie saa. Akasimama huko huko juu. Akateremsha kioo cha jichoni.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilitazama anapotazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba mtakatifu wetu amepaka wanja, na midomo imechorwa, na pembeni chini kuna muhuri mdogo wa studio kama ule uliokuwa kwa Mama Kidevu. Alikuwa mmoja wao, amevalishwa utawa kwa ajili ya sinema.

Shangazi, maskini, akafurahi kuona mgeni anavyomheshimu. Akamwambia, "Baba, wewe umetembea. Hebu tuambie, huyu ni mtakatifu gani?"

Nikangoja. Mtu yule angetoa saa zote za kibanda chake kwa picha ile, na alijua kwamba neno moja tu lingeifanya isiwe na kazi tena pale ukutani, shangazi angeitoa mwenyewe kwa aibu. Nami kwa siri nilitamani aliseme, nione mmoja wao ametolewa nje ya mlango.

"Jina lake silijui, mama," akasema. "Lakini anaonekana anasikiliza vizuri."

Akapiga ishara ya msalaba, akashusha saa, akaitengeneza kwenye mkeka, hakutaka malipo. Njiani tukishuka nilimwambia angeomba tu, shangazi asingemnyima. Akasema yule pale alipo ana kazi yake. Ningefungua mdomo, ningetukana. Mwanamke wa karatasi amepewa kazi ya kulinda mibuni ya ukoo wetu, na mimi mwenye damu nimekosa hata ya kumsongea mtu ugali. Mpaka leo nikipiga magoti pale siwezi kusali, naona mpinzani.

Karibu niwashinde mara moja. Mgeni mmoja wa kizungu, anashuka Mbamba Bay kupanda meli, alipita sokoni akamwona Bibi Manyoya nyuma ya kioo. Akaomba kuona wengine. Sanduku likafunguliwa, mgeni akashika mdomo. Akataka wote, akataja fedha za kujenga. Nilijipenyeza pale nikiwa mkalimani nisiyejua lugha. Nikamwambia Fundi, uza, baba, fedha hizo ni bati, ni saruji, ni maisha. Muuza nyanya naye akaniunga mkono. Fundi akawarudisha mmoja mmoja kwa kibano, akafunga kifuniko.

"Mtu hauzi wageni wake," akasema.

Wageni! Miaka yote hiyo kumbe wao ndio wageni, na mimi niliyekaa karibu kuliko kiti chake ni nani? Sikumletea chai siku ile wala kesho yake. Siku iliyofuata nikapeleka, maana alikuwa anakohoa.

Ruksa iliyoniletea mabelo ndiyo iliyommaliza yeye. Mwanzoni ilimpa kazi. Wanunuzi binafsi wa buni walipoingia Mbinga, kila mkulima aliyeuza alitaka saa mkononi, na kibanda kilijaa mpaka kioo hakionekani. Halafu zikaja saa za plastiki, nyepesi, za rangi rangi, zikisimama unatupa, unanunua nyingine. Watu wakaacha kuleta. Fundi alikaa na mwanamke wake wa siku ile nyuma ya kioo kitupu, akimsogeza karibu na jicho, kila mwezi karibu zaidi. Nilidhani ni mapenzi yanazidi. Nikakonda kwa wivu, kumbe ni macho yanaziba. Siku alipompangusa Mama Kidevu akamwita Mjane, nilielewa.

Aliondoka bila kuaga. Nilifika asubuhi nikakuta kibanda kimefungwa kwa kamba ya katani. Muuza nyanya alisema amepanda lori na sanduku lake, amerudi ziwani. Sanduku alilichukua, nikarudia kichwani. Sanduku alilikumbuka.

Nilikaa hivyo, na hasira zangu, mpaka dereva mmoja wa lori la usipa, dagaa wa ziwani, aliponiambia amemwona hospitali ya misheni huko Liuli, amekaa kwenye benchi la nje siku nyingi, hana mtu. Nilisema haya, poleni, nikaendelea kukunja nguo. Kesho yake nilikuwa juu ya mifuko ya mahindi katika lori la kwenda ziwani. Lori likakwama matopeni Kingerikiti, tukalala pale, nikawa najiambia kwamba nakwenda kuuza mitumba. Nilikuwa nimechukua furushi dogo kwa ajili ya huo uongo.

Nilimkuta kwenye benchi, ziwa mbele yake, hana habari nalo. Amekonda. Macho yalikuwa meupe katikati. Sanduku liko mapajani. Nilisimama mbele yake bila kusema kitu, nione kama atanijua. Akageuza kichwa kidogo akasema, "Jirani, umekuja na basi gani, huku hakuna mabasi." Sijui alinijuaje, na sikumwuliza, maana ningelia.

Akaniambia ana mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari wa macho amekuja kwa muda tu. Kisha, badala ya kuniuliza habari za Mbinga, akafungua sanduku. Akaniomba nimsomee. Kusoma kwake ilikuwa ni kumwambia kila picha ina nini, kwa sababu sasa anachoona ni ukungu.

Nilipokea ya kwanza kwa vidole vyangu vyenye jasho, kusudi. Alikuwa Bibi Manyoya. Nikasema huyu pua yake imepinda. Akatabasamu. Nikasema manyoya yenyewe yamenyonyoka kama ya kuku mgonjwa. Akacheka kabisa. Kisha akasubiri, na kwa vile anasubiri vizuri kuliko mtu yeyote, nikajikuta nasema kweli: kwamba ameweka mkono mmoja shingoni kama mtu anayeona baridi, na macho hayamtazami aliyempiga picha, yanatazama mtu aliye nyuma yake anayeondoka. Nilimsomea wengi hivyo. Walikuwa wasichana tu, wengine wamechoka, nami nilikuwa sijawahi kuwatazama.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Kwa kuwa hunioni, niambie nikoje."

Nilidhani atacheka. Akaelekeza uso kwangu, akaanza taratibu. Alisema nina kovu chini ya kidevu, upande wa kushoto, ambalo huwa jeupe nikikasirika. Kwamba nikimpima mteja gauni begani natazama juu kama ninayesikiliza. Kwamba baada ya msiba nilifunga kilemba kimoja cha kijani hadi kikafifia pindoni, na siku nilipokivua yeye hakufanya kazi asubuhi yote. Kwamba nikitaka kulia natafuta kitu cha kukunja, na nguo zilizokunjika vizuri mezani kwangu zilikuwa za siku zangu mbaya.

"Mbona hukusema?"

"Wale hawajibu, jirani. Ukiwatazama, wanatulia. Wewe ungejibu."

"Ningejibu ndiyo."

"Nilijua," akasema. "Hiyo ndiyo niliyoiogopa."

Basi nikaona wivu kuliko siku zote, na haukuwa wa Bibi Manyoya. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa sokoni, mwenye kilemba cha kijani, aliyetazamwa namna ile miaka yote, asiambiwe. Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani kumlaza kichwa mapajani. Sikufanya lolote, kwa sababu nesi alitokea mlangoni.

Hospitali zetu hazimlazi mtu bila muuguzaji, ndugu wa kumpikia, kumfulia, na kumshika mkono kwenda chooni baada ya upasuaji. Ndiyo maana alikuwa kwenye benchi siku zote zile. Daktari alikuwa anaondoka, na yeye hakuwa na mtu.

"Mzee, nilikwambia bila muuguzaji hatukupasui," nesi akasema. Akanigeukia. "Mama, wewe ni nani wake?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, limekaa tayari miaka mingi. Nikalimeza.

"Mwulize yeye," nikasema. "Mimi leo sisemi kitu."

Tukangoja wawili, nesi na mimi. Fundi akafunga sanduku. Akalifungua tena. Mikono ile isiyojua kutetemeka ilikuwa inatafuta kingo za bati. Nikang'ata ulimi nisimsaidie.

"Ni mke wangu," akasema mwishowe. "Ila nilikuwa sijamwambia."

Nikamwuliza nesi jiko la wauguzaji liko upande gani. Niliuliza kwa ukali, maana nilikuwa nimekasirika kweli.